RISALA YA WAHITIMU WA KOZI YA UONGOZAJI NDEGE NA UENDESHAJI WA SAFARI ZA ANGA KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,
Wakufunzi wetu wapendwa,
Wazazi, walezi, wageni waalikwa na wahitimu wenzetu,
Mabibi na Mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wahitimu wote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kuacha shughuli zako nyingi ili uwe nasi leo. Wazazi wetu wengine wamesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Kigoma na Tunduru kuja kushuhudia siku hii. Nao tunawaambia ahsanteni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa desturi risala ya wahitimu huanza na historia ya chuo. Leo tunaomba ruhusa yako tuanze na mzee mmoja.

Wakati wa mafunzo kwa vitendo, baadhi yetu tulipangiwa kiwanja cha ndege kimoja cha mkoani. Kiwanja hicho hakina taa za njia ya kurukia, hivyo jua likizama, kazi imekwisha. Siku hiyo ndege ya jioni ilitakiwa kutua saa 10:30. Ndege hiyohiyo ilikuwa imeanza kazi alfajiri Dar es Salaam, ikiwa na safari sita za kumaliza kabla ya kulala. Safari ya kwanza ilichelewa dakika 35 kwa sababu ya mvua. Ya pili ikachelewa zaidi, maana ndege ilipofika ilikuta gari la mafuta limeshakwenda kuhudumia ndege nyingine. Kila kituo kikaongeza chake. Kufikia alasiri deni la muda lilikuwa limepita saa mbili, na rubani alipopiga hesabu akaona giza litamkuta njiani. Safari ikafutwa.

Mzee huyo alikuwa na kanzu nyeupe na begi dogo la mkononi. Alikuwa anawahi kumzika mdogo wake Chalinze, kesho yake alasiri. Tangu saa 7 mchana alikuwa akija dirishani kutuuliza, na kila mara tulimwonyesha skrini iliyokuwa nyuma yetu, iliyoandikwa KWA WAKATI. Mara ya tano hakuuliza kitu. Alisimama tu, akaitazama skrini, kisha akatutazama sisi. Basi la mchana lilikuwa limeshaondoka.

Tuliporudi chuoni tuliifuatilia safari ile hatua kwa hatua kama zoezi la darasani. Tulichokiona kilituuma. Taarifa zilikuwepo tangu saa 3 asubuhi. Waongoza ndege walizijua, ofisi ya shirika ilizijua, na dereva wa gari la mafuta alikuwa na kipande chake. Ila hapakuwa na mtu mwenye kazi ya kuviunganisha vipande hivyo na kumwambia mzee yule, "Baba, panda basi."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nchi yetu imewekeza sana katika usafiri wa anga, na sisi ni mashahidi. Jengo la Tatu la abiria katika Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere lilizinduliwa mwaka 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Rada mpya zimefungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Zanzibar nayo ina Jengo la Tatu pale Kiwanja cha Abeid Amani Karume. Tunajivunia hayo yote.

Lakini jengo huongeza viti vya abiria kukaa. Haliongezi dakika kwenye njia ya kurukia. Kiwanja cha Julius Nyerere kina njia kuu moja. Ile nyingine ina urefu wa mita zipatazo 1,000 tu na inafaa ndege ndogo. Ndege kubwa ya kutoka ng'ambo, ndege ya Mwanza na ndege ya abiria 12 inayotoka Zanzibar kwa safari ya dakika 20, zote zinapigania lami ileile.

Hapa tunaomba utuvumilie kidogo, maana ndipo kazi yetu ilipo. Ndege kubwa ikipita huacha nyuma yake kimbunga kisichoonekana, upepo unaojizungusha kutoka kwenye ncha za mabawa. Ndege ndogo ikiingia humo inaweza kupinduliwa. Kwa utaratibu wa kimataifa, pale ambapo waongoza ndege wanatenganisha ndege kwa muda, ndege nyepesi inayotua nyuma ya ndege nzito kama Boeing 787 hupewa dakika 3, na ndege ya kati, mfano ATR, hupewa dakika 2. Sasa zipange ziingie moja kubwa, moja ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Umepoteza dakika 9 kwenye foleni ya ndege sita tu. Tanguliza ndogo zote, zifuate kubwa, na zile dakika 9 zinafutika zote. Ndege ni zilezile, lami ni ileile. Aliyebadilika ni mpangaji wa foleni.

Mpangaji huyo, hata hivyo, hawezi kupanga asichokijua. Akipata habari ya ndege ikiwa imebakiza dakika kumi kutua, hana la kufanya zaidi ya kuizungusha angani ikichoma mafuta. Akiipata saa moja kabla, anaweza kuomba izuiliwe huko ilikotoka, injini zikiwa zimezimwa na abiria wakinywa chai. Kusubiri chini ni nafuu na ni salama kuliko kusubiri juu. Wamarekani walilifanya jambo hili kuwa utaratibu wa kila siku baada ya mgomo wa waongoza ndege wa mwaka 1981, ambapo zaidi ya 11,000 walifukuzwa kazi na waliobaki hawakuweza kubeba anga yote.

Uwanja wa Gatwick, karibu na London, umekuwa ukitumia njia moja kwa wakati mmoja, na kwa njia hiyo moja hupanga hadi ndege 55 kwa saa zinazoruka na kutua. Mwaka 2019 ndege ziliruka na kutua hapo zaidi ya mara 280,000. Hatusemi sisi tufike huko kesho. Tunasema lami peke yake haielezi foleni.

Ratiba nayo ina dhambi zake. Mwaka 2000 huko New York, kwenye Uwanja wa LaGuardia, sheria mpya ililegeza masharti yaliyokuwa yamezuia idadi ya safari tangu mwaka 1969. Mashirika yakakimbilia kuongeza safari mpya kwa mamia, kila moja likitaka saa nzuri za asubuhi na jioni. Kila ratiba ikiwa peke yake ilikuwa halali. Zilipowekwa pamoja, ziliahidi ndege nyingi kuliko uwanja ule unavyoweza kupokea hata siku ya jua kali. Kufikia Septemba, uwanja huo mmoja ulikuwa unachangia takribani robo ya ucheleweshaji wote wa ndege Marekani. Mwezi Desemba mamlaka ililazimika kuchezesha bahati nasibu ya kugawa nafasi, na kuweka kikomo cha safari 75 za ratiba kwa saa.

Tunalitaja hili kwa sababu tunaona dalili zake nyumbani. Kila msafiri anataka kuondoka saa 12 asubuhi ili arudi jioni, na kila shirika linataka kumridhisha. Saa 6 mchana maegesho yanabaki na nafasi. Na ratiba za safari za ndani, kwa tulivyoziona sisi, zimebanwa mno: ndege inapewa dakika 25 kushusha abiria, kufagiliwa, kujaza mafuta na kupakia. Dakika hizo zinatosha siku ambayo hakuna mama mwenye watoto watatu, hakuna mgonjwa wa kiti cha magurudumu, na hakuna mzigo uliopotea. Siku ya namna hiyo sisi hatukuiona katika miezi yote ya mafunzo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chuo chetu nacho kina mahitaji yake. Simuleta, yaani mtambo unaoiga kazi halisi, ya kufundishia uongozaji ndege ni moja. Tumekuwa tukiitumia kwa zamu, zamu ya mwisho ikiisha saa 4 usiku, na dada zetu wanaokaa nje ya chuo wamekuwa wakirudi makwao gizani. Tunaomba ipatikane ya pili. Tunaomba pia usafiri wa usiku kwa watakaotufuata.

Wakufunzi wetu tunawashukuru kwa jambo moja ambalo mwanzoni lilitukera. Walitulazimisha kuongoza ndege kwa kalamu na vipande vya karatasi, kompyuta ikiwa imezimwa, mpaka tukaweza kushika ndege nane kichwani. Tulilielewa tulipofundishwa kisa cha tarehe 28 Agosti 2023 nchini Uingereza. Mfumo wa kuchakata mipango ya safari ulikutana na safari moja yenye vituo viwili vya angani, yaani alama za kuelekeza njia ya ndege, vilivyopewa jina linalofanana, kimoja Ufaransa na kingine Marekani. Ukashindwa kuamua, ukajizima, na ule wa akiba ukajizima vilevile. Zaidi ya abiria 700,000 waliathirika. Kazi ikarudi mikononi mwa watu.

Ombi letu kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka 2007 Uwanja wa Munich, Ujerumani, ulikuwa wa kwanza Ulaya kuanzisha kikamilifu utaratibu wa maamuzi ya pamoja. Shirika la ndege, watoa huduma wa chini, wasimamizi wa kiwanja na waongoza ndege wote hutazama saa moja, ile ambayo ndege itakuwa imefunga milango na iko tayari. Mizigo ikichelewa, saa hiyo inasogezwa, na kila mtu anaona palepale. Ndege haiwashi injini kwenda kupanga foleni bure.

Kwa nafasi yako, tunakuomba uwakutanishe Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na mashirika yetu ili jambo hili lianze hapa nchini, hata kama litaanza kwa meza moja, simu moja na ubao mmoja ndani ya kiwanja kimoja. Tupo tayari kujitolea kukaa kwenye meza hiyo wakati tukisubiri ajira. Na tunaomba iwe ni lazima, safari inapojulikana kuwa itachelewa, abiria aambiwe saa hiyohiyo, hata yule aliyeko kwenye kiwanja kidogo cha mwisho wa safari.

Tunaomba pia viwanja vya mikoani ambavyo bado havina taa viendelee kuwekewa, kwani dakika 35 za asubuhi hazistahili kumzuia mtu kumzika mdogo wake.

Baada ya shughuli hii tunakukaribisha kwenye chumba cha simuleta. Tumekuandalia zoezi la zile ndege sita, na utapanga foleni mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Sisi,
Wahitimu