Barua kwa Baba kuhusu kiploti cha Gilgil

Newtown, Wales
Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku, na ni matumaini yangu kwamba wewe na Mama mu buheri wa afya. Mimi sijambo. Kazi ipo, zamu za usiku ndizo nyingi, lakini nimezizoea. Ujumbe wako kuhusu kiploti cha Gilgil nimeusikiliza mara tatu, nikaona heri nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu tutapandishiana sauti kama ile Krismasi.

Kwanza furaha. Elfyn Evans aliposhinda Safari Rally mwezi uliopita, akiwaacha Ott Tänak wa pili na Thierry Neuville wa tatu, ninyi mlikuwa Hell's Gate mmejaa vumbi, nami nilikuwa mbele ya runinga nikiwatafuta kwenye umati hadi machozi yakanitoka. Kesho yake wazee ninaowahudumia kazini walinishika mkono mmoja baada ya mwingine, maana dereva huyo ni wa Dolgellau, mji mdogo wa hapa hapa Wales, na ushindi wake ameupata nyumbani kwetu. Sijapata kutembea kifua mbele namna ile tangu nije nchi hii.

Sasa nasikia kitinda mimba wetu analitumia jina la huyo huyo Evans kukushawishi uuze kiploti, ili akodishe gari kubwa la duru moja tu ya ubingwa wa kitaifa, "aonekane". Baba, habari za Evans mwambie aniulize mimi. Mwaka 2016 alikuwa amepoteza kiti chake katika magari ya daraja la juu ya ubingwa wa dunia. Hakuona haya kushiriki ubingwa wa taifa wa Uingereza, ambao mwaka uliotangulia haukufanyika kabisa na ndiyo kwanza ulikuwa unafufuliwa. Msimu ule ulianza Machi katika misitu ya huku Wales, ukapitia Ireland ya Kaskazini na Scotland, ukaishia Septemba katika barabara za lami za Isle of Man. Na aliyetawazwa bingwa ni yeye, miaka 20 kamili baada ya baba yake, Gwyndaf, kulitwaa taji hilo hilo mwaka 1996. Mwaka uliofuata akashinda Wales Rally GB, duru ya dunia, mbele ya watu wake.

Nilikuwapo msituni asubuhi ile ya Machi, mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea kulinda mkondo, yaani kipande cha barabara ambacho magari hushindania muda, nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa na vidole vimekufa ganzi. Gari unalisikia mbali kabla hujaliona, mlio unapanda na kushuka nyuma ya miti, halafu mara moja limeshafika. La Evans lilipita kwenye kona yangu bila mbwembwe yoyote, pua imeelekea kule linakokwenda, na kijiwe kimoja kikaruka kikanipiga kifuani. Kijiwe hicho ninacho hadi leo, kiko dirishani. Madereva wengine waliotuonyesha vumbi na kelele hata majina yao siyakumbuki, kwa sababu ubingwa ni alama zinazokusanywa duru baada ya duru, na anayekuja mara moja ili aonekane huondoka bila chochote.

Unakumbuka mwaka 2002 ulipotubeba nyuma ya pikapu kwenda kumwona dereva Colin McRae? Alishinda Safari tatu, 1997, 1999 na ile ya 2002. Richard Burns akashinda 1998 na 2000. McRae alikuwa bingwa wa taifa wa Uingereza 1991 na 1992, na Burns 1993, kabla hawajaigusa Safari. Hata Nicky Grist, aliyekuwa akimsomea McRae daftari la kona siku ile tuliyosimama juani, ni Mwelshi, na kuna mashindano yenye jina lake karibu na Builth Wells ambako nimehudumu. Siku hizi mimi ndiye mkuu wa kituo changu chenye redio, na wenzangu huniuliza vumbi la Kedong, mkondo wa Safari kule Naivasha, likoje.

Lakini lipo jambo lililokaa moyoni, na leo nalisema. Fedha nilizotuma mwaka juzi za mabati ya jiko la Mama zilinunua tairi na springi za Subaru ya kijana. Wewe ulijua, Baba, ukanyamaza, na mimi nikaja kuambiwa na Shangazi. Mvua ya msimu huu Mama ameipikia chini ya turubai. Sikusema neno kwa sababu ya heshima, ila imeniuma, na ndiyo maana kiploti siwezi kukiridhia.

Kijana simnyimi ndoto yake. Atafute gari dogo ambalo injini yake huzungusha magurudumu mawili tu, na gharama za msimu mzima nitazilipa kidogo kidogo, fedha zipitie simu ya Mama na hesabu aziandike Kaka Mkubwa. Kabla ya hapo ahudumu barabarani duru moja, asimame kwenye kona tangu alfajiri hadi gari la mwisho lipite, aone jinsi magari yanavyotoka barabarani na yanakoishia. Huku tumekuwa wakali kuhusu jambo hilo tangu watazamaji watatu walipofariki katika Jim Clark Rally kule Scotland mwaka 2014. Kizibao changu cha zamani nitampa mtoto wa Mama Mdogo anayesafiri Juni, amletee.

Fedha za mabati nimezituma tena jana. Na hatimiliki ya Gilgil naomba uitoe kabatini uipeleke kwa Mama Mkubwa, kwa kuwa ufunguo wa kabati lile kila mtu hapo nyumbani anajua unakofichwa.

Ni mimi mwanao,
wa pili