Wanangu wa kwaya, moto huo tunaufahamu

Wanangu mnaotunga nyimbo za kwaya hapa Goma,

Jumapili nilikaa benchi ya nyuma, karibu na mama anayetuuzia makala. Mlipofika ubeti wa tatu, ule wa jirani mchawi anayeungua, kinanda kikanguruma kama mlima. Mlipiga vizuri, sikatai. Lakini yule mama alijifunika kitenge usoni. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu Nyiragongo iliposhuka mjini na kupita hadi ziwani, yeye alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, na sufuria moja, mtoto mgongoni. Aliporudi, penye nyumba yake palikuwa na jiwe jeusi linalofuka moshi, na kandambili zake zikaanza kulainika miguuni. Mama huyo hahitaji kinanda kumwonyesha moto.

Na hilo neno mnalolirusha, mnajua limetoka wapi? Jehanamu tumeipokea kwa Waarabu, na nyuma yao kuna Waebrania: Ge-Hinomu, bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu, ambako watoto walichomwa kuwa sadaka na manabii wakapalaani. Bonde lenyewe bado lipo, mtu hulifikia kwa miguu. Wenzenu wa Kilingala husema lifelo, yaani l'enfer ya Wafaransa iliyovalishwa nguo za Kinshasa. Kuzimu ndilo letu la asili, ndugu yake mzimu na wazimu, na moto halina. Ni kwa wafu, wema kwa wabaya. Ndiyo maana kwenye Kanuni ya Imani tunasema Yesu alishukia kuzimu, hatusemi jehanamu. Ninyi mmeyachanganya yote mawili katika pambio moja ili vina vikubali. Havikukubali hata hivyo.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Wazee wa pande hizi waliomfuata Ryangombe, roho mkuu wa dini ya jadi, walisema waliobandwa, yaani walioingizwa katika ibada yake, wakifa huenda kustarehe naye Karisimbi, mlima wa baridi, na wasiobandwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Wakaja mapadri, wakasema waliobandwa ndio wa motoni. Leo makanisa ya uamsho yanatupeleka huko sisi Wakatoliki, na sisi nasi... tuyaache. Kila aliyekuja aliukuta moto unawaka, akabadilisha tu majina ya wa kutupwa. Sijaona aliyeanza na jina lake.

Someni Mathayo 5:22. Anayeonywa pale kuhusu jehanamu ni yule anayemtukana ndugu yake. Kisha rudini kwenye ubeti wenu wa tatu, muutazame tena.

(Wale wa rap wanaoiita Goma yenyewe jehanamu nawaelewa kuliko wanavyodhani. Wao angalau wanajihesabu ndani.)

Basi ubeti huo uandikwe upya. Kwingine msiguse, sauti ya pili pale mwanzoni ilinitoa machozi, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Mkikwama, njooni kwangu Jumamosi kabla ya mazoezi. Kinanda changu kina vitufe viwili vilivyokufa, vingine vinalia. Na yule mama msimsimamishe mbele ya kanisa kumwomba msamaha, mtamwongezea aibu. Nendeni mkanunue makala yake, na bei msimpunguzie.

Mzee wenu wa benchi ya nyuma