Kwa nini mtungi wako unatoa jasho, na ni lini unapaswa kuurudisha

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi zaidi kutoka kwa wateja walionunua mtungi kwa mara ya kwanza ni kwamba mtungi unavuja. Mteja ameujaza maji jioni, ameuweka kwenye sakafu ya vigae, na asubuhi amekuta tumbo la mtungi limelowa na maji kidogo yametanda chini yake. Tunauelewa wasiwasi huo, kwa sababu mtu aliyezoea ndoo ya plastiki anatarajia kwamba chombo cha maji kitayazuia maji yote yaliyomo. Mtungi wa udongo haukufinyangwa kwa kusudi hilo, na namna unavyofanya kazi nyumbani kwako inatokana moja kwa moja na udongo tunaouchimba, mimea tunayoichanganya ndani yake na moto tunaouchomea. Ndiyo maana tumeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu, ili kila mteja aweze kutofautisha mtungi mzima unaotoa jasho na mtungi mbovu ambao ni wajibu wetu kuubadilisha.

Karakana yetu iko wilayani Kyela, kwenye tambarare ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, baada ya kuteremka kutoka nyanda za juu za Rungwe, inatua na kuacha tope lake kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Upande huu wa ziwa unajulikana kwa ufinyanzi wa wanawake wa Kikisi, ambao vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi kutoka vijiji vya mwambao chini ya Milima ya Livingstone hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema. Sisi tunafuata njia hiyo hiyo ya mkono: hatutumii gurudumu la mashine, bali chungu hukaa juu ya kigae kilichopinda ambacho mfinyanzi hukizungusha taratibu huku akiupandisha udongo kwa vidole, kisha hukipara kuta zake ziwe nyembamba, na mwisho hukisugua kwa kokoto laini ya ziwani mpaka ngozi yake ing'ae.

Udongo wa kufinyangia hautambuliwi kwa rangi peke yake. Mfinyanzi huchukua donge lenye unyevu, huliviringisha liwe uzi wa unene wa kidole, kisha huuzungusha uzi huo kwenye kidole chake cha shahada. Uzi ukipinda bila kupasuka, udongo una mnato wa kutosha. Ukikatika, una mchanga mwingi mno. Baada ya hapo udongo hulowekwa, huchujwa na kukandwa, na hapa ndipo tunapokuwa wakali kuliko mahali pengine popote, kwa sababu udongo wa karibu na maji una vipande vya magamba ya konokono. Gamba ni chokaa. Likichomwa ndani ya ukuta wa chungu hubadilika kuwa chokaa kali, na chokaa hiyo huendelea kunyonya unyevu wa hewa polepole, ikivimba, hadi siku moja, pengine wiki kadhaa baada ya chungu kununuliwa, inabandua kigamba cha udongo kutoka ndani kwenda nje. Ukiona kwenye chungu chako kishimo kama sarafu ndogo chenye nukta nyeupe katikati, hilo si kosa la matumizi yako. Ni gamba lililotupita wakati wa kuchuja, na chungu hicho tunakibadilisha bila malipo.

Udongo mtupu, hata ukiwa mzuri kiasi gani, haufai kwa chombo kitakachokaa motoni. Unapokauka husinyaa, wakati mwingine kwa karibu sehemu moja ya kumi ya urefu wake, na usipochanganywa na kitu cha kuulegeza hupasuka ungali kivulini. Kwa vyungu vya kupikia tunatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuuchanganya unga wake katika udongo mpya. Kwa mitungi tunatumia pumba za mpunga, ambazo hapa Kyela hazikosekani kwenye mashine za kukoboa. Pumba huungua wakati wa kuchoma na kuacha vitundu vidogo sana katika ukuta mzima wa mtungi, na vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha jasho ambalo mteja hulikuta asubuhi.

Vitundu hivyo tunavihitaji. Maji yanapopenya hadi ngozi ya nje ya mtungi hugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto lililolichukua kwenye ukuta wa mtungi na kwenye maji yaliyobaki ndani. Kwa sababu hiyo mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Mteja wetu wa Dodoma, ambako hewa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, atapata maji baridi zaidi kuliko mteja wa Dar es Salaam aliyenunua mtungi wa aina hiyo hiyo, kwa kuwa hewa ya pwani tayari imebeba unyevu mwingi na haina nafasi kubwa ya kupokea mwingine. Ukiishi pwani, weka mtungi wako mahali penye kivuli na upepo, juu ya kigoda cha mbao au mafiga matatu yatakayoruhusu hewa kupita chini yake, na uweke sahani ya kukinga matone. Kuuficha kwenye kona ya jiko lisilo na dirisha ni kuunyima kazi yake.

Wapo wateja wanaotuuliza kwa nini tusizibe vitundu hivyo kwa ule utando wa kioo unaoonekana kwenye vikombe vya kauri, au kwa nini tusichome kwa moto mkali zaidi. Moto wetu wa wazi, unaowashwa kwa kuni, mabua ya mpunga, nyasi kavu na majani makavu ya migomba, hufika nyuzi joto 600 hadi 900 za Selsiasi. Kiasi hicho kinatosha kuyafukuza maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, na tangu hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Vyombo vigumu vya kauri huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Havipitishi maji, lakini ukuta wake ulioshikamana hauna pa kutanukia, na vingi vyake ukiviweka juu ya mkaa vitapasuka. Chungu chenye vitundu huvumilia moto wa mafiga kwa sababu ufa mdogo ukianza hukutana na kitundu na kuishia hapo. Kuhusu utando wa kioo, baadhi ya tando zinazoyeyuka kwa joto la chini hutengenezwa kwa risasi, ambayo ni sumu, nasi hatuko tayari kuuza chombo cha chakula chenye mashaka ya namna hiyo.

Kwa vyungu vya kupikia, ambavyo havitakiwi kutoa jasho jingi, tunatumia magome. Tunachemsha magome ya mwembe na mpera hadi maji yawe mekundu na yenye ukakasi kama ule wa ndizi mbichi, kisha chungu kinapotolewa motoni kingali na moto mkali, mfinyanzi hukinyunyizia maji hayo kwa kicha cha majani. Maji hutoa mlio mkali na kuruka mvuke, na kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake huungua na kukwama kwenye vitundu, kikiacha ngozi ya chungu na rangi ya kahawia iliyoiva. Magome hayo tunayachukua kwenye matawi yaliyopogolewa, wala hatuvui gome la shina kwa kulizungusha, kwa sababu mti uliovuliwa gome pande zote hauwezi tena kulisha mizizi yake na hatimaye hufa. Vivyo hivyo, mashimo ya udongo tunayafukia kabla mvua hazijaanza, maana shimo lililoachwa wazi hujaa maji, huzaa mbu na huhatarisha watoto na ng'ombe.

Madoa meusi unayoyaona kwenye tumbo la chungu si uchafu wala si dalili ya kuungua vibaya. Ni mahali ambapo mabua yaliegemea chungu na hewa haikufika, moshi ukaingia katika udongo. Hayatoki kwa kusuguliwa, na hayana madhara kwa chakula.

Kabla ya kupikia chungu kipya, kiloweke kwenye maji usiku kucha, kisha pika ndani yake uji mwepesi wa unga wa mchele kwa moto mdogo, uuache upoe humo humo hadi siku ya pili. Wanga utavimba na kuziba vitundu vilivyosalia. Ukitumia jiko la gesi, anza na moto wa chini kabisa na uuongeze polepole, na usimimine maji baridi ndani ya chungu chenye moto hata kama mchuzi unakauka. Ongeza maji ya moto. Usioshe kwa sabuni, kwa kuwa itaingia kwenye vitundu na utaionja kwenye mboga ya kesho. Maji ya moto na brashi ya makumbi vinatosha, na chungu kikauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa, vinginevyo kitaota ukungu.

Mtungi nao una matunzo yake. Mahali penye maji ya chumvi, unga mweupe utajitokeza nje baada ya muda. Ni chumvi iliyobaki maji yalipogeuka mvuke. Usugue kwa brashi kavu, kwa sababu ukiuacha utaziba vitundu na maji hayatapoa tena.

Wakati wa kurudisha ni huu. Gonga chombo kikavu kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu. Kisha kijaze maji, kifute nje kikauke, na kitazame kwa makini. Jasho hutokea pande zote kwa pamoja, kama unyevu usio na chanzo kimoja, na hupungua kidogo baada ya siku chache za mwanzo. Maji yakitokea kwenye mstari mmoja au tone likirudi mahali pale pale kila ukifuta, huo ni ufa, na tutakupa mtungi mwingine. Tutumie picha ya sehemu hiyo ikiwa imelowa, pamoja na tarehe uliyonunua. Huna haja ya kusafirisha chombo kilichopasuka.

Kwa wanaoagiza vyombo vingi kwa ajili ya hoteli au sherehe, tunaomba maagizo yatufikie kabla ya mwezi Machi. Mvua za Kyela ni nyingi na huendelea hadi Mei au zaidi, na chungu kilichoingia motoni kikiwa na unyevu ndani ya ukuta wake hupasuka kwa mvuke. Katika miezi hiyo tunafinyanga kidogo na kukausha kwa muda mrefu, kwa hiyo agizo la Aprili huenda likakamilika mwezi Juni.