Maamuzi katika mchezo wa magenge yamguse mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nichangie mjadala kuhusu vijana wa Kampala wanaotengeneza mchezo wa kompyuta wa Kiswahili unaosimulia maisha ya genge la wahalifu. Wasomaji wengi wameuliza kama mchezo wa namna hiyo unafaa kutengenezwa. Swali langu ni jingine: mchezaji akipewa nafasi ya kuamua, uamuzi wake utamgusa nani?

Michezo mingi hupima matendo kwa kipimo kimoja tu, yaani ukitenda wema alama zinapanda na ukitenda uovu zinashuka. Katika hadithi ya genge kipimo hicho hakina maana, kwa sababu huko mtu haulizwi kama ni mwema. Huulizwa ni mtu wa nani, anadaiwa na nani, na nani atamwekea dhamana akikamatwa. Afadhali kila mhusika awe na hesabu yake mwenyewe juu ya mchezaji: anamwamini kiasi gani, anamwogopa kiasi gani, na wana deni gani kati yao. Njia hii huwapunguzia waandishi kazi pia. Maamuzi 10 yenye njia mbili mbili, kila njia ikiandikiwa hadithi yake hadi mwisho, huzaa hadithi 1,024, ambazo kikundi kidogo hakiwezi kuzimaliza. Njia zikikutana tena huku wahusika wakikumbuka mambo tofauti, tukio lile lile hupata sura nyingi.

Chukulia kwamba mkuu wa genge amemtuma mchezaji kwa mama anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala, akadai hela ya ulinzi ambayo mama huyo hana. Mchezaji anaweza kumpiga, kumsamehe, au kumlipia kutoka mfukoni mwake bila mkuu kujua. Akimpiga, mkuu anaacha kumwita "kijana" na kuanza kumwita "mwanangu". Yule mama, ambaye ndiye aliyekuwa akimwita "mwanangu" tangu mwanzo, sasa anamwita "bosi" na hamtazami usoni. Akimlipia, deni linazaliwa kimya kimya, nalo litajitokeza siku polisi watakapopita sokoni wakiuliza nani amemwona. Hakuna haja ya kuandika kwenye kioo kwamba uhusiano umebadilika, kwani aliyekulia hapa ataujua kwa namna anavyoitwa.

Mchezo wa Grand Theft Auto IV wa mwaka 2008 humtaka mchezaji mwishoni achague kati ya biashara na kisasi: akichagua biashara anampoteza binamu yake Roman, na akichagua kisasi anampoteza Kate, mwanamke aliyeanza kupendana naye. Uamuzi huo unauma kwa sababu Roman amekuwa akimpigia simu mara kwa mara kumwalika matembezini, hata kwa kero. Mafia III ya mwaka 2016 nayo humwachia mchezaji awagawie wasaidizi watatu maeneo ya mji, na msaidizi anayepunjwa mno humgeuka. Mimi naupenda zaidi mfano huu wa pili, kwa kuwa usaliti unapofika, mchezaji anakijua chanzo chake.

Nina ombi pia kuhusu lugha. Wazee wengi nchini wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari wa enzi za Amin na ya majambazi, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 wa kukiidhinisha kuwa lugha rasmi haujafuta kumbukumbu hiyo. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), dereva wa boda na wakala wa pesa za simu nao wakizungumze, tena wawe na shughuli zisizohusiana kabisa na genge. Ningependa kumwona wakala huyo, hata akiwa anamwamini mchezaji kuliko wote, akikataa kumfungulia mlango siku anapokimbizwa, kwa kuwa ndani kuna watoto wake na hela za watu.

Wako,
Mwalimu wa fasihi, Jinja