Mtoto anajua tebo zote, swali ndo limemshinda

Kuna mama mmoja alikuja hapa kituoni kwetu, tunapofundisha watoto Kiswahili na hesabu wiki ya likizo, ilikuwa mwezi wa tano, na daftari la mwanawe mkononi, hata kiti hakukitaka, akalifungua akasema mwalimu hebu ona, huyu mtoto tebo anazijua mpaka ya 12, ukimwamsha usiku wa manane anakujibu, sasa mbona kila jaribio la hesabu anarudi na mikosa? Nikamwita mtoto. Darasa la tano, mpole, hata shikamoo yake huisikii vizuri. Nikamwandikia swali moja tu kwenye karatasi: Ali ana shilingi 1,200. Ali ana shilingi 500 zaidi ya Musa. Musa ana shilingi ngapi?

Haraka haraka, 1,700.

Nikamuuliza mbona umejumlisha, akanijibu bila wasiwasi, "si imeandikwa zaidi." Mama yake akawa ananiangalia mimi, nadhani na yeye alikuwa ameipata hiyo hiyo 1,700 kichwani. Nikamwambia mtoto haya, mpe Musa hiyo 1,700 yako halafu niambie nani mwenye hela nyingi. Akasema Musa. Soma tena basi. Akasoma, safari hii kwa sauti, kidole kinafuata maneno, alipofika kwenye "zaidi ya Musa" akasimama, akacheka mwenyewe, akafuta.

Sasa hapo ndo penye kazi yetu. Watoto wengi wanafika darasa la nne, la tano, wameshazoeshwa kuwinda neno: ukiona zaidi jumlisha, ukiona baki toa, ukiona kila mmoja zidisha. Kwa maswali ya darasa la pili inasaidia kweli, sikatai, lakini baadae ndo inawaua, maana mtoto hasomi tena swali, anatafuta neno lake, akilipata anafunga macho anapiga hesabu. Mzazi akiona hivyo anampeleka tuisheni ya hesabu, anapigishwa maswali mia mengine ya kujumlisha na kuzidisha ambayo tayari anayaweza, wakati shida yake ni Kiswahili. Ufahamu. Sentensi moja fupi imempita.

Ndo maana wiki yetu ya likizo hatutenganishi Kiswahili na hesabu. Wengine wananiuliza kwani hii siyo tuisheni? Hapana, siyo, na naomba tuelewane mapema ili baadae tusije tukalaumiana: hatumalizi silabasi, hatutoi mtihani, hatupangi namba, na sikuahidi mwanao atoke 40 aende 90 kwa siku tano, mtu akikuahidi hivyo shika vizuri hela yako. Tunachofanya ni kuchukua vitu vichache vile ambavyo shuleni mwalimu hana nafasi navyo, na simlaumu, mwenye watoto wengi darasani atakaa na sentensi moja nusu saa saa ngapi, halafu tunavichimba mpaka mtoto aone ndani.

Jumatatu tunaanza na machungwa. Tuko Ngamiani, hapa Tanga mjini, msimu ukiwepo machungwa ya Muheza yako mpaka mlangoni, tunachukua 24 tunayamwaga mkekani. Swali: mama ana machungwa 24, ametoa robo, amebaki na mangapi? Wapo wanaotoa 4, wanapata 20, kwa sababu robo wanajua ina nne ndani yake kwa namna fulani. Wapo wanaopata 6, na hawa ndo nawapenda zaidi, maana hesabu wameipatia kabisa ila wamejibu swali ambalo hakuna aliyewauliza. Basi wanayapanga wenyewe mafungu manne kama sokoni Mgandini, fungu moja linaondolewa, wanahesabu yaliyobaki mkekani, 18. Halafu nawaambia waandike sentensi ya jibu, siyo namba peke yake, sentensi nzima. Mama amebaki na machungwa kumi na manane. Hapo tena linazuka jingine, kwanini kumi na manane lakini kumi na tisa haiwi "matisa"? Basi tunaingia kwenye Kiswahili: sita, saba na tisa tulizichukua kwa Waarabu, hazibadiliki ukizipeleka kokote, machungwa tisa, vitabu tisa, watoto tisa, wakati nane ni yetu wenyewe, inavaa nguo ya mwenyeji, manane, vinane, wanane. Watoto wanafurahi sana kusikia namba nazo zina kwao.

Jumanne ni saa, na hii niseme ukweli ndo siku ninayoisubiri mwenyewe. Mtoto wa sikuhizi saa anaisoma kwenye simu ya mzazi, inamwambia 14:30, nyumbani watu wanasema saa nane na nusu, na hakuna aliyewahi kukaa nae akamwambia kwamba tunaanza kuhesabu jua likichomoza ndo maana zinapishana sita. Hilo wanalikamata upesi. Kasheshe ni muda wa safari. Nikawapa hivi: basi limetoka Tanga saa 12 asubuhi limefika Dar saa 6 mchana, limetumia masaa mangapi? Darasa zima, sita! Wakapiga makofi. Nikawaambia haya, siku ya pili dereva hakusimama Segera watu wale, katoka saa 12 ile ile kafika saa 5. Masaa mangapi? Saba! Kwa sauti ile ile. Nikakaa kimya. Kuna kabinti ka darasa la nne kakanyanyua mkono taratibu kakasema, "mwalimu, limewahi kufika halafu limechelewa?" Hapo darasa likawa vurugu, kila mtu anataka kuja ubaoni, wakachora duara la saa, wakahesabu kwa vidole kutoka 12 kwenda moja, mbili, mpaka tano, wakaona kumbe ile sita ya kwanza waliipata kwa bahati, walitoa 12 kwa 6 ikaangukia pazuri. Jibu likiwa sahihi mzazi anaona tiki anafurahi, hakuna anaeuliza limepatikanaje.

Jumatano tunapima. Kila mtoto wa Tanga ameshaambiwa haba na haba hujaza kibaba, muulize kibaba nini, hajui. Basi tunatafuta kopo tunalifanya ndo kibaba chetu, viwili kisaga, vinne pishi, na mchele wanapima kwa mikono yao, robo pishi, nusu pishi, robo tatu, sehemu zile zile zinazowatisha daftarini. Likizo iliyopita tulifanyia uani, kuku wa jirani wakaingia, pishi letu likapungua ghafla na ikabidi tuwape watoto swali jipya la kutoa. Siku hizi tunafanyia ndani. Jioni ya siku hiyo, kwa wanaoruhusiwa kurudi, kuna mzee wa mtaani anakuja na bao lake, safu nne, kila safu mashimo manane, kete 64, na hapo mimi nanyamaza kabisa maana mzee anahesabu kete kichwani kuliko sisi wote na kalamu zetu.

Alhamisi ndo siku ya kuandika na hapa nitaongea kidogo. Insha za shuleni zimezoeleka, "Siku nitakayoikumbuka", mtoto kaikariri kutoka kwa kaka yake. Sisi tunawaambia watoto waandike hesabu. Kila mmoja atunge swali lake la maneno kuhusu kitu alichokiona mtaani kwake, ampe mwenzake alifanye, mwenzake akikwama asiseme silijui hili, amrudishie aliyeandika amwambie hapa sijaelewa. Mtoto mmoja wa Makorora akaandika hivi: Bibi alinunua samaki 5 kwa shilingi 2,000. Alilipa shilingi ngapi? Mwenzake akajibu 10,000. Mwenye swali akaja juu, umekosa, ni 2,000, bibi kalipa elfu mbili tu wote watano! Yule nae hakubali, samaki gani watano wa elfu mbili, dagaa? Wakaletana kwangu, nikakataa kuamua, nikawaambia someni kilichoandikwa siyo mlichokusudia. Mabishano yalichukua karibu nusu saa, watoto wengine wakaacha ya kwao wakaja kusikiliza, mpaka mwenyewe akachukua penseli akaongeza neno "wote" baada ya 5. Mwenzake akamwambia na mimi ningeongeza "kila mmoja". Nikawauliza, hayo maneno mawili yamepishana bei gani? Wakapiga, elfu nane. Tangu siku ile kila wakisoma swali unasikia mtu anamwambia mwenzie angalia neno la elfu nane.

Wale wa ingilishi midiamu tunawapokea pia, wazazi huwa wanaona aibu kusema lakini wengi hesabu wanazo ila "theluthi" au "gawanya kwa usawa" hawajawahi kuzisikia, na wengine Kiswahili chao cha kuandika kinatia huruma wakati wamezaliwa Tanga hapa hapa. Hawatengwi, wanakaa na wenzao, kufikia Alhamisi wanabishana bei ya samaki kama wengine.

Mambo ya utaratibu sasa. Tunachukua darasa la tatu mpaka la sita, watoto 12 kwa mwalimu mmoja na hatuongezi hata ukija na mjomba. Mwaka wa kwanza tulikosea, tukafundisha asubuhi mpaka jioni tukiamini ndo thamani ya hela, kufika saa nane watoto wamelala juu ya madaftari na chuoni, yaani madrasa, wanachelewa, maustadhi wakatulalamikia na walikuwa na haki. Sasa ni saa 2:30 asubuhi mpaka saa 6 mchana, mtoto anarudi nyumbani anakula anaenda chuo chake bila kukimbizana. Katikati kuna mapumziko, uji na mihogo tunatoa sisi. Aje na daftari moja, penseli na kifutio, chupa ya maji. Kalamu ya wino hapana, nataka wafute bila woga. Simu hapana. Ada ni 25,000 kwa wiki, wa pili wa nyumba hiyo hiyo 20,000, na kama hali imebana njoo tuongee, usimfiche mtoto nyumbani kwa sababu ya hilo.

Ijumaa mzazi unakuja, saa 4, dakika 40 tu, omba ruhusa kazini mapema. Watoto wanawapa nyie maswali waliyotunga na hutoki mpaka ujibu. Likizo iliyopita yule binti wa swali la Ali na Musa alimkalisha baba yake, fundi mkubwa, mtu anayepima mbao kwa macho, akampa karatasi: Nina miaka 10. Nina miaka 4 zaidi ya mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka mingapi? Baba kaangalia, kaandika 14 haraka akainua uso anatabasamu, wakati mtoto wake mdogo alikuwa amemkalia mapajani muda wote huo, hajaanza hata darasa la kwanza. Binti hakusema kitu, akaisogeza tu ile karatasi nyuma kidogo akaweka kidole chini ya neno "zaidi" akamwambia baba, soma tena, polepole.