Chui akiuawa, ulizeni na habari za nyani

Mhariri,

Kila chui anapouawa, gazeti lenu huandika kwamba wananchi wameshusha pumzi. Nami niliwahi kushangilia hivyo. Nilikuwa na miaka kama saba walipomleta chui aliyekufa, amening'inia kwenye mti mabegani mwa wanaume wawili, na watoto tukamzunguka tukiimba. Miaka michache baadaye, kila mazao yalipokaribia kukomaa, sikuonekana darasani. Nilishinda shambani na fimbo na kopo la kugonga, nikifukuza nyani.

Sikuyaunganisha mambo hayo mawili hadi niliposoma habari za Ghana. Hesabu za wanyama katika hifadhi za huko, kuanzia 1968 hadi 2004, zilionyesha simba na chui wakipungua na kwingine kutoweka kabisa, huku nyani wakiongezeka na kusambaa. Nyani wakavamia mashamba, na familia zikawaachisha watoto masomo ili walinde mazao. Hapo niliposoma habari za watoto, nilirudia mara tatu.

Wazee husema paka akiondoka panya hutawala. Tunaisema methali hiyo kwa ajili ya watu, tukasahau kwamba porini ndivyo ilivyo hasa.

Na chui hafanyi kazi kwa meno peke yake. Katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliteketeza wanyama, chui nao wakatoweka. Pongo, mnyama wa kujificha vichakani, akaanza kutoka peupe na kula mimea ambayo zamani asingethubutu kuifuata. Watafiti wakaweka vipaza sauti vyenye mlio wa chui, pamoja na harufu ya mkojo na kinyesi cha wanyama wala nyama, na pongo wakarudi mitini. Mlio na harufu tu! Mwaka 2018 mbwa mwitu 14 walipelekwa huko ili wanyama wawindaji waanze kurejea.

Simlaumu mfugaji anayeamka akakuta mbuzi wake wameraruliwa. Anastahili fidia, tena mapema, na zizi lisilopenyeka. Lakini mzoga wa mbuzi kila mtu anauona. Hasara ya nyani huja kidogo kidogo, kila siku, na hakuna anayeiandika.

Ombi langu ni moja. Mwandishi wenu akitumwa kupiga picha ya chui aliyeuawa, mrudisheni mahali palepale baada ya miaka mitatu. Awatafute watoto wanaolinda mashamba, awaulize wamefika darasa la ngapi.

Msomaji wenu wa siku nyingi