Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Marehemu Mzee Afande

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Mkuu, viongozi wa dini, mama mjane na watoto wa marehemu, wazazi na wanafunzi: Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam alaykum.

Karibu sana Missenyi. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo tunashukuru kwa namna ya pekee kwamba umefika mwenyewe. Tumezoea kuletewa mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hatukuona sababu ya kutafuta shujaa mbali. Marehemu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mzee Afande, aliingia vitani kama mwanamgambo mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia ardhi yetu hadi mto Kagera na kulipua daraja la Kyaka. Alikuwa kati ya waliobeba vyuma vya daraja la muda, akavuka, akapita Mutukula na Masaka, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwemo. Akarudi, akaoa, akalima kibanja chake cha migomba na kahawa, akasomesha watoto wake saba pamoja na watatu wa marehemu kaka yake. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Chini ya uenyekiti wake kamati hii ilileta mapinduzi makubwa ya miundombinu: vyumba viwili vya madarasa, matundu sita ya vyoo (la saba lipo kwenye msingi) na mlingoti wa bendera.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye pampu.

Shule ina kisima kirefu chenye pampu ya mkono aina ya India Mark II. Kila Jumamosi Mzee Afande alifungua kifuniko cha kichwa, akapaka mnyororo grisi, akakaza nati na kuangalia beringi za mpini. Mpini ulipokuwa mwepesi na maji haba, alijua wosha za silinda, kile kifaa cha chini kisimani kinachosukuma maji juu, zimelika kwa mchanga, akakusanya watu sita, klempu na spana mbili za bomba, wakang'oa na kubadilisha. Spana hizo mama mjane anazitunza hadi leo, zimepakwa mafuta.

Kilichomshinda ni mabomba. Yaliyofungwa ni ya chuma kilichopakwa zinki, yale mafundi wanayoyaita GI, na maji yetu yana asidi. Maji yenye pH, yaani kipimo cha asidi, chini ya 6.5 hula zinki, kisha chuma. Huanza kwenye maungio, kwa kuwa pale fundi akikata uzi, yaani hesi za kuungia bomba, huondoa zinki na kupunguza unene wa bomba. Dalili mmeziona: asubuhi maji ya kwanza ni mekundu, na mtoto anapampu muda mrefu kabla hayajatoka kwa sababu usiku yamevujia kisimani. Uzi ukikatika, bomba na silinda vitazama chini, na hapo tutakuwa tunaomba kisima kipya badala ya vipuri.

Mheshimiwa, jambo hili si geni kwa viongozi. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi vipuri "ndani ya wiki mbili", tunaendelea kuzihesabu. Wa pili alileta mabomba matatu, tunamshukuru, ila yalikuwa GI yaleyale. Wa tatu alituletea rangi ya bluu. Pampu inapendeza sana.

Silinda iko mita 30 chini, na kila bomba lina mita 3. Kwa hiyo tunaomba mabomba 10 ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya inchi moja na robo pamoja na maungio yake, fito 10 za stenlesi za milimita 12 za kuunganisha mpini na silinda, silinda moja yenye ukuta wa ndani wa shaba, na seti mbili za wosha za mpira. Tunasisitiza yaje yote kwa pamoja. Stenlesi ikiungwa na GI kwenye maji ya asidi, GI huliwa haraka zaidi, kwa hiyo msaada wa nusu utatuharibia hata kilichobaki. Kama stenlesi ni ghali, wenzetu wa Uganda wanatumia pampu iliyorekebishwa yenye mabomba ya plastiki na fito za stenlesi. Mzee Afande alikuwa akisema tulishawahi kwenda huko kwa shida kubwa kuliko bomba.

Mchango wetu uko tayari: mchanga, kokoto na mifuko sita ya saruji ya kuziba nyufa za sakafu ya pampu, pamoja na nguvu kazi. Kazi ni ya siku moja.

Hatuna shaka kwamba wewe si kama waliotangulia. Ili kukupunguzia usumbufu, orodha ya vipuri tumeiandaa katika nakala tatu, na nafasi ya kuandika tarehe ya kuvileta tumeiacha wazi. Kalamu ipo mezani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Shule